Tusitupe mashine, tusifute kazi yetu: tuweke sisteme mbili



Leo tunaandika juu ya ordinateri. Tunajua wengine watauliza: watu wanakimbia vijiji vyao, barabara imeharibika, vijana wenye diplome wako wanaendesha moto, na nyinyi munakuja kutuongelea Windows na Linux? Tunaomba musome mpaka mwisho. Tutaanza na kosa letu wenyewe, juu njo lilitufundisha.

Tulikuwa na orodha. Vijana wa mouvement walipita nyumba kwa nyumba hapa Vuhovi, mu familia zenye kupokea wakimbizi wa vita. Waliandika jina la baba ao la mama, kijiji walichotoka, watoto wangapi, nani anasoma, nani anagonjwa, nani hana karatasi hata moja. Ilikuwa kazi ya siku nyingi, mu mvua na mu matope. Orodha yote ilikuwa mu mashine moja, ya mmoja wetu. Mashine ile ilikuwa imejaa virusi zenye kutoka mu flashi za huku na huku. Siku moja tukasema tumusaidie mwenzetu: tumuwekee Linux pembeni ya Windows, apate fasi safi ya kufanyia kazi. Tulikuwa tumeangalia video mbili, tukajiona mafundi. Programu ilipotuuliza tunataka nini, mmoja wetu alibonyeza mstari wenye kuandikwa "Effacer le disque". Hakusoma. Sisi wote tulikuwa pale, na hakuna mwingine aliyesoma. Nyuma ya dakika chache Linux ikafunguka, nzuri, yenye mbio. Windows haikuwako tena. Orodha haikuwako tena. Na kopi haikuwako fasi yoyote.

Tulirudi mu zile nyumba kuanza upya. Mama mmoja alituangalia, akauliza: "Majina ya watoto wangu nilishawapatia. Muliyapeleka wapi?" Hatukuwa na jibu. Wengine walifikiri tumeyauzisha. Familia zingine zilikuwa zimekwisha kuhama, hatukuziona tena.

Tungeweza kusema: Linux iko mbaya, tuachane nayo. Apana. Msimamo wetu ni huu: kila kijana mwenye ordinateri ya zamani ajifunze kuweka sisteme mbili ndani yake, Windows na Linux, kila moja mu fasi yake. Na ajifunze vizuri, mbele ya kugusa kitu, juu ndani ya hizi mashine hamuna tu muziki na filme. Muna kazi yetu, na muna majina ya watu.

Kwa nini sasa

Tarehe 14 mwezi wa 10 mwaka 2025, kampuni ya Microsoft iliacha kutoa mise à jour za bure za Windows 10, yaani yale masahihisho yenye kuziba matundu ambamo virusi na wezi wanapitia. Mashine yako haikufa siku ile. Inawaka, inaandika, inacheza filme. Lakini kila tundu jipya likipatikana, linabaki wazi. Microsoft iliongeza mwaka mmoja, mpaka tarehe 13 mwezi wa 10, 2026, kwa dola 30, ao bure kwa yule anayekubali kuunganisha mashine na akaunti yake ya Microsoft. Kisha hapo, kwa mtu wa kawaida, imeisha.

Watasema: weka Windows 11. Sawa, jaribu. Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, inaomba memori ya GB 4, inaomba kidude kidogo cha usalama kinachoitwa TPM 2.0, na kwa mashine za Intel inaomba prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu, karibu zote za kuanzia mwisho wa 2017. Sasa angalia mashine zetu. Tunazinunua zikiwa zimekwisha kutumika kwa wengine, zinapitia Dubai ao Kampala, zinaingia Kasindi, zinapanda mpaka Beni na Butembo. Nyingi tulizofungua sisi ni za mbele ya 2017. Ziko nguvu bado. Kibodi iko nzima, kiyoo kiko kizima. Wanatuambia zimekufa juu ya uamuzi uliokatwa mbali na hapa.

Na kuna jambo ambalo tunajua wote lakini hatulisemake kwa sauti. Windows iliyo mu mashine zetu nyingi iko ya kukrake. Fundi aliiweka na flashi, akazima kwanza antivirusi, akaiwasha na kiprogramu kidogo ambacho hata yeye hajui nani alikitengeneza. Hatumulaumu fundi, naye anatafuta chakula cha watoto. Lakini mtu anayezima antivirusi ili kuingiza kitu asichokijua, amekwisha kufungua mlango. Kisha tunashangaa flashi ikiingia mu mashine ya sekretaria publiki inatoka na mafolda yote yamegeuka vijia vya bandia.

Linux iko kitu gani

Mwaka 1991, mwanafunzi mmoja wa Helsinki, Linus Torvalds, mwenye miaka 21, alianza kuandika kiini cha sisteme, akakiweka wazi ili wengine wakisome, wakirekebishe, wakigawe. Leo kiini kile kinatumika mu seva nyingi za intaneti duniani, na mu kila telefone ya Android. Kwa hiyo wewe unayesema "Linux ni ya mainformatisye, sitaiweza", ujue iko mu mfuko wako tangu siku ulinunua ile telefone.

Mu mwezi wa 10 mwaka 2004, Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Afrika ya Kusini, alitoa Ubuntu, Linux iliyotengenezwa ili mtu wa kawaida aweze kuitumia. Jina lile ni neno la lugha za kule kusini, maana yake utu. Sisi mu Kinande mtu tunamuita omundu. Hauhitaji mtu wa kukutafsiria. Kutoka kwa Ubuntu ikazaliwa Linux Mint mwaka 2006, na hiyo njo tunayoipendekeza kwa mashine zetu, hasa ile inayoitwa Xfce: GB 2 za memori zinatosha kuanza, GB 4 njo vizuri zaidi, na fasi ya GB 20 mu diski ao kuzidi.

Sasa jambo kubwa kwetu sisi tusio na kazi: kukopi Linux haiko wizi. Leseni yake inakuruhusu kuikopi na kuigawa. Faili ya Linux Mint ina karibu GB 3, ile ya Ubuntu 24.04 karibu GB 6. Mwenye kuhesabu mega anajua hizo ni pesa gani. Lakini haiombi kila mmoja aishushe. Mmoja anaishusha usiku Butembo, fasi intaneti ina nguvu, analeta na flashi, na Vuhovi yote inaipata. Hivyo njo tulifanya. Chunga tu jambo moja: faili ile ihakikishwe na hesabu ya SHA256 iliyoandikwa ku saiti yao. Kama hesabu hazifanane, faili imeharibika ao imeguswa, usiitumie.

Kwa nini mbili, si moja

Kati yetu kuna wale wanaosema: kama Windows iko mbaya hivi, ifuteni, tubaki na Linux paka. Tuliwasikiliza. Tunakataa, na si kwa uoga.

Kijana aliyesoma komtabilite hapa kwetu amefundishwa na Sage Saari, na Sage Saari inatembea mu Windows. Shirika likitangaza kazi, tesiti inafanywaka mu Excel, na ile faili inaweza kuwa na hesabu ambazo LibreOffice ya Linux inazisoma vibaya. Barua ya Word mara nyingi inafunguka vizuri mu LibreOffice, lakini kuna siku jedwali linahama, ukurasa unakuwa mbili. Mtu mwenye kazi anaweza kusema "hiyo ni shida yao". Sisi tunaotafuta kazi hatuna njia ya kusema hivyo. Tuko na lisansi, tuko na CV, tunangojea simu. Kutupa chombo ambacho mwajiri anauliza ni kujikata miguu wenyewe.

Kwa hiyo tunagawa. Windows inabaki kwa Sage, kwa Excel ya tesiti, kwa zile programu zisizo na ndugu yake upande wa pili. Linux inakuwa fasi ya kazi yetu ya kila siku: kuandika, kusoma barua, kuingia ku intaneti, kufungua flashi za watu, kuchunga orodha na ushuhuda. Virusi za Windows karibu zote hazijui kutembea mu Linux. Na asubuhi Windows ikigoma, unawasha upande wa pili, faili zako unazifikia, juu Linux inajua kusoma diski ya Windows. Windows yenyewe haijui kusoma upande wa Linux bila kuongezewa programu.

Ginsi tunafanya leo

Hatuandike hapa kila kitufe, juu mashine hazifanane. Tunaandika yale ambayo mtu akiyaruka, atalia kama sisi.

1. Toa kazi yako inje ya mashine kwanza. Diski ya inje, flashi mbili, mashine ya ndugu. Kisha fungua zile kopi uone kama zinafunguka kweli. Kama huna fasi ya kuweka kopi, usianze siku hiyo.

2. Angalia umeme. Batri ijae, na waya ibaki imechomekwa. Kama batri imekufa na unategemea plake ya jua ya jirani, ngojea. Umeme ukikatika wakati diski inagawanywa, unaweza kupoteza pande zote mbili.

3. Ndani ya Windows, zima ile inayoitwa "démarrage rapide". Hiyo inafanya Windows ijifanye imezimwa kumbe imelala tu na imeshikilia diski. Angalia tena kama BitLocker inafunga diski yako. Kama inafunga, andika ufunguo wake ku karatasi mbele ya kuendelea.

4. Punguza fasi ya Windows ukiwa ndani ya Windows yenyewe, mu "Gestion des disques". Acha wazi GB 50 ukiweza. Ni kama shamba: mwenye shamba njo anasogeza mpaka, hapo hakuna ugomvi. Fasi iliyobaki wazi usiipatie jina, iache hivyo.

5. Tengeneza flashi ya GB 8 na programu ya Rufus. Flashi ile itafutwa yote, kwa hiyo isiwe yenye picha za ndoa ya yaya wako. Zima mashine, iwashe ukibonyeza F12 kama ni Dell ao Lenovo, Esc ao F9 kama ni HP.

6. Jaribu mbele ya kuweka. Linux inafunguka ku flashi bila kugusa diski. Angalia Wi-Fi, sauti, kiyoo. Chagua kibodi ya kweli: sisi tumefundishwa ku AZERTY, lakini mashine nyingi za kupitia Uganda ni QWERTY, na neno la siri uliloliandika na kibodi moja halitafunguka na ingine.

7. Sasa weka. Soma kila mstari kwa sauti. Unachotaka ni ule unaosema "à côté de Windows". Usiotaka ni "Effacer le disque". Kwetu sasa iko sheria: watu wawili mbele ya mashine, mmoja anasoma, mwingine anabonyeza. Kama mstari wa kwanza hauonekane, usibahatishe. Acha, zima, kuja utuulize.

Ikiisha, kila mara ukiwasha mashine utaona orodha inayoitwa GRUB ikikuuliza unataka sisteme gani. Usiposema kitu, nyuma ya sekunde kidogo inaingia Linux.

Kuna shida ndogo utakutana nayo: saa ya Windows itarudi nyuma masaa 2. Hakuna kilichoharibika. Linux inaweka saa ya mashine ku saa ya dunia, Windows inafikiri ni saa ya hapa, na sisi tuko masaa 2 mbele. Ndani ya Linux andika: timedatectl set-local-rtc 1. Imeisha.

Shida kubwa zaidi inaweza kutoka kwa Windows. Mwezi wa 8 mwaka 2024, mise à jour moja ya Windows ilizuia Linux isiwake mu mashine nyingi zenye sisteme mbili, na Microsoft ilimaliza kuirekebisha mwezi wa 5 mwaka 2025. Kwa hiyo ile flashi uliyowekea Linux usiifute. Ichunge. Siku mlango mmoja umefungwa, njo utaingilia nayo.

Yale ambayo sisteme mbili haifanyi

Tunaomba tusidanganyane. Sisteme mbili haiko kopi. Ziko ku diski moja. Diski ikifa, mashine ikianguka ku moto, mwizi akiibeba, zote mbili zinaenda pamoja.

Na neno la siri la Windows pekee halifungi kitu. Mtu yeyote mwenye ile flashi ya Linux anaweza kuwasha mashine yako na kusoma mafolda yako, kama diski haikufungwa. Sisi wenyewe tulishangaa tulipoona ginsi ni rahisi. Linux Mint, wakati wa kuiweka, inauliza kama unataka folda yako ifungwe na neno la siri. Kubali. Lakini neno hilo ukilisahau, hakuna fundi wa kukufungulia, si Vuhovi, si Butembo, si Ulaya.

Tunasisitiza hapa juu tunajua tunaishi wapi. Tangu tarehe 6 mwezi wa 5 mwaka 2021 jimbo letu liko mu état de siège. Mtu anayekimbia kijiji anaacha karatasi nyuma. Jina lake, tarehe ya kuzaliwa ya mtoto wake, siku walishambuliwa, mara nyingi vinabaki paka mu daftari ya mtu na mu mashine ya kijana fulani. Kesho mtu akija kuuliza nini kilitokea, ao nani anastahili kusaidiwa, atauliza hizo karatasi. Code ya numerike ya inchi yetu, ya tarehe 13 mwezi wa 3 mwaka 2023, inaongelea kuchunga habari za watu. Tunaidai kwa wakubwa. Basi tuanze nayo mu mashine zetu. Yule mama alikuwa na haki ya kutuuliza.

Tunachoomba

Kwa masomo: informatike isifundishwe paka ku tablo. Mtoto wa sekondari anachora kibodi na kalamu na hajaigusa. Mashine tatu za zamani zenye Linux zinaweza kuanza kazi. Sisi tuko tayari kuja kuziweka, bila kuomba franga.

Kwa ofisi za serkali na mashirika: mukitoa formulere, mutoe yenye kufunguka mu kila mashine. Kijana asikose kazi juu faili ilikataa kufunguka. Na wale wanaoleta ordinateri kama zawadi, waulize kwanza kama bado zinapokea mise à jour, na waache mtu wa hapa anayejua kuzitengeneza.

Kwa mafundi wa Butembo na Beni: ongezeni Linux ku kazi yenu. Mteja alipe mkono wenu, hiyo ni haki. Musimuambie mashine yake imekufa mbele ya kuijaribu.

Kwa sisi vijana: anayejua afundishe wawili. Asifanye kazi yote yeye mwenyewe kwa kujionyesha. Amuache mwenye mashine abonyeze, akae pembeni yake.

Ile orodha tuliiandika upya, si yote. Leo iko mu mashine mbili na diski moja ya inje, fasi tatu mbalimbali, zote zimefungwa. Yule mama tulimuonyesha jina la kila mtoto wake ku kiyoo. Alisahihisha moja, tulikuwa tumekosea herufi. Tukaandika vizuri mbele yake, tukaweka kopi mbele yake.

Mwenye mashine ya zamani nyumbani asiiuze kwa bei ya chuma. Alete. Alete pia flashi ya GB 8 na kopi ya kazi yake. Bila kopi hatuguse.

Vijana wa mouvement citoyen, Vuhovi